Mia Tatu na Fremu Tupu

Wateja walimwita Mia Tatu, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Mtu anakuja kiwanda cha uchapaji na simu yake mkononi, ameshachagua karatasi ya kung'aa, ameshakubaliana na wifi yake Mia Tatu pale mapokezi ni lini aje kuchukua kadi zake, halafu anaambiwa apite chumba cha nyuma picha ikaguliwe. Huko anamkuta mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni. Anaitazama picha kwenye skrini, anasoma namba mbili tatu, anatikisa kichwa.

"Haitoshi. Nataka nukta mia tatu kwa kila inchi. Hii ina tisini."

"Lakini kwenye simu inaonekana safi, dada!"

"Kwenye simu inalingana na kiganja chako. Wewe unataka nikuchapie ukubwa wa meza."

"Si uivute tu?"

Maneno hayo, uivute tu, yalimpandisha mori kuliko tusi. Jibu lake alikuwa nalo mdomoni siku zote. "Chukua glasi moja ya maziwa, uimimine kwenye ndoo ya maji. Ndoo itajaa, sikatai. Utakunywa?" Wengine walicheka, wengine walinuna. Mwalimu mkuu mmoja aliondoka na kalenda yake kwa hasira, akaenda kuichapisha kwingine, akarudi baada ya wiki mbili ameikunja kwapani. Walimu wake kumi na wanane walikuwa wamegeuka miraba mitupu, hujui yupi wa hesabu na yupi wa michezo. Tangu siku hiyo akawa ndiye mpiga debe wao mkubwa. "Nendeni kwa Mia Tatu," aliwaambia wenzake. "Atawatesa, lakini sura zenu mtazijua."

Chumba hicho cha nyuma hakikuwa na dirisha. Zamani lilikuwepo moja, ila mwaka wa kwanza wa kiwanda lilizibwa kwa matofali, kwa sababu jua likipiga skrini rangi zinadanganya. Aliyeshauri lizibwe ni yeye mwenyewe. Mtu anashauri ukuta ujengwe, halafu anakaa nyuma yake miaka kumi na minane, na hana wa kumlaumu. Hali ya hewa aliijua kwa viatu vya wateja: vyenye tope, vyenye vumbi, vilivyofutwa haraka kwenye gunia la mlangoni. Mlango nao ulitakiwa ufungwe wakati wote, maana vumbi likitua kwenye kioo cha skana kila picha inatoka na madoa. "Funga mlango, vumbi!" kaka yake alipaza sauti kutoka ofisini kila mtu alipoingia au kutoka, mara ishirini kwa siku, hata siku za mvua.

Kaka huyo ndiye aliyekuwa na kiwanda. Alimzidi miaka kumi na mmoja. Baba yao alipofariki alimsomesha, akamfundisha kazi, akampa chumba na mashine nzuri kuliko zote, na hakuna siku aliyomtolea neno la dharau. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Bosi mkorofi unamwachia kazi yake unakwenda zako huku unapiga mluzi. Kaka mwema unamwachaje?

Tena kulikuwa na fremu.

Ukiingia kiwandani pale, kabla hujamsalimia wifi, ulikuwa unaiona. Fremu ya mbao ya inchi ishirini na nne kwa thelathini na sita, imepigwa vanishi, kioo chake kinang'aa, nayo imetundikwa katikati ya ukuta wa mapokezi. Ndani hakuna kitu. Kadi nyeupe tu. Wateja waliitania kwa miaka mingi. Mmoja aliuliza kama ile ni picha ya ukungu. Mwingine akauliza kama wanauza ukuta kwa vipande. Wifi, yaani mke wa kaka, aliwacheka pamoja nao, na kila Jumatatu asubuhi alipanda kwenye kiti na kitambaa kibichi akaifuta. Mia Tatu akiwa chumba cha nyuma alisikia kile kiti kikiburutwa, akainamia skrini.

Fremu ilikuwa ya mama yao.

Mama hakupenda kupigwa picha. "Uso wangu si mnaujua?" alikuwa akisema, na kisha anageuka. Picha moja tu ndiyo iliyompata. Ameketi kwenye kigoda uani, mpiga picha amejikwaa kwenye beseni nusura aanguke, mama anacheka mdomo wazi, na mkono unapanda kuziba pengo la jino la mbele lakini umeshachelewa. Ilikuwa picha ya karatasi, inchi nne kwa sita, na filamu yake ilipotea siku nyingi. Wiki aliyofariki, ndugu wa mbali waliomba waione, na Mia Tatu akaiweka kwenye skana awatumie. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, kichwa kizito kama kimejazwa mchanga. Hakuangalia namba. Skana ilikuwa imebaki kwenye sabini na mbili, kwa ajili ya kazi ya jana yake, picha za viatu za kuwekwa kwenye tovuti ya duka fulani, na hizo hazihitaji zaidi ya hapo. Akabonyeza. Akawatumia ndugu, wakashukuru, maana kwenye simu zao mama alionekana safi kabisa. Picha yenyewe akamrudishia kaka aitunze.

Miaka miwili baadaye bomba likapasuka nyumbani kwa kaka, juu ya kabati la nguo. Picha ilikutwa imegandamana na bahasha, na walipoibandua, uso wa mama ukabaki kwenye bahasha vipande vipande. Wifi alilia sana. Kaka hakulia. Alisimama katikati ya chumba chenye maji, suruali imekunjwa hadi magotini, akawaambia wote, "Jamani, msihangaike. Mia Tatu ana nakala. Na Mia Tatu si mnamjua?"

Walimjua, kweli. Alirudi kiwandani saa ile ile akafungua faili. Nukta mia mbili themanini na nane kwa mia nne thelathini na mbili, basi. Alizihesabu kama mtu anayehesabu watoto baada ya ajali, akitumaini amekosea. Wiki iliyofuata kaka akaleta fremu, ameibeba kwa furaha, akaitundika mwenyewe kwa misumari minne. Inchi ishirini na nne. Mia mbili themanini na nane ukizigawa humo unapata kumi na mbili kwa kila inchi. Kumi na mbili, kwa mtu aliyewafukuza wenzake na tisini zao.

Angesema siku ile, yangeisha siku ile. Angelia, angekemewa kidogo, angesamehewa. Lakini alisema, "Niachie, nitaitengeneza vizuri. Kazi ya mama haitaki haraka." Basi uongo ukishakaa kitako haunyanyuki kirahisi. Mwaka wa kwanza alisema anasubiri karatasi nzuri. Mwaka wa pili alisema wino. Mwaka wa tatu wakaacha kumuuliza, na hilo lilimuuma zaidi.

Mara mbili alijaribu kuondoka. Miaka saba iliyopita alipata kazi kwenye kiwanda cha magazeti, akamwendea kaka na moyo mkononi. Kaka akamsikiliza hadi mwisho. "Nimefurahi," akasema. "Mmalizie mama kwanza, halafu nenda na baraka zangu." Miaka minne iliyopita akapata nyingine, akaenda tena, akajibiwa yale yale, neno kwa neno. Mara zote mbili alirudi chumba cha nyuma akafunga mlango. Angejibu nini? Kwamba hana cha kumalizia?

Sasa ilikuwa mara ya tatu. Kampuni ya vitabu vya shule, katika mji mwingine, ilikuwa inatafuta mtu wa kusimamia picha. Siku ya usaili alimwambia kaka anakwenda kung'oa jino. Huko walimwonyesha meza yake kabla hata hawajamaliza kumhoji. "Iko karibu na dirisha," mhariri alisema kwa kuomba radhi. "Kama jua litakusumbua, tutaweka pazia." Nusura alie mbele za watu. Barua ilisema aripoti Jumatatu, na kwamba nafasi hiyo ina watu wengine wawili wanaoingoja.

Jumanne alimwambia kaka.

"Nimefurahi, mdogo wangu," kaka alisema, na akavua miwani kuifuta. "Mmalizie mama kwanza, halafu..."

"Kaka, ile picha ina shida kidogo."

"Shida gani? Mabango unayachapa kwa nukta mia, tena hata chini ya hapo, nakuona."

"Bango linatazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Mama atatazamwa na mtu aliyesimama hapa hapa."

"Basi fanya unavyojua. Wewe si ndiye Mia Tatu?"

Alitoka. Nyuma yake sauti ikamfuata: funga mlango.

Jumatano alifanya kitu ambacho angemzaba kofi mtu mwingine kwa kukifanya. Alifungua faili ya mama, akaenda mahali pa namba, akafuta sabini na mbili akaandika mia tatu, akavuta picha ijae fremu. Mashine haikubisha. Mashine haina aibu. Ukiiomba nukta ambazo hazipo, inazitunga. Mama akatokea mkubwa, mpana, amefunikwa na utandu kama mtu anayetazamwa nyuma ya kioo cha bafuni. Pengo la jino lilikuwa doa la kijivu. Alikaa ameshika tama mpaka chai yake ikapoa, kisha akafuta kila kitu.

Alhamisi akakumbuka ile programu mpya ambayo vijana wa studio waliisifu, inayorudisha sura zilizopotea. Aliipa picha ya mama. Dakika mbili tu, na akatokea mwanamke wa kupendeza kweli kweli. Kope unazihesabu. Ngozi laini. Kicheko kipana, na meno yote, moja, mbili, tatu, nne, yamejipanga safi. Pengo lilikuwa limezibwa.

Akaichapa. Msimlaumu, alikuwa na siku tatu. Karatasi ilitoka kwenye mtambo pole pole, inchi kwa inchi, na ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzitoa mikononi mwake. Aliitandaza mezani chini ya taa. Kaka angeipokea. Wifi angepiga vigelegele. Ndugu wangesema jamani, mama alikuwa mrembo hivi? Jumatatu yeye angekuwa dirishani. Alisogeza uso karibu, akatafuta kwenye macho yale kitu chochote cha mama, ule ukali wa utani, ule wa kukuambia nimekuona ulivyoiba sukari. Yule mwanamke alimtazama kwa adabu, kama mgeni aliyekosea nyumba. Ilikuwa sura ya mama wa mtu mwingine. Na huyo ndiye angetundikwa pale, afutwe kila Jumatatu, hadi watoto wa kaka wamkariri wakijua ndiye bibi yao.

Mia Tatu alilia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza akashukuru chumba kile hakina dirisha. Halafu akaichana karatasi. Ilikuwa karatasi nzito, ilibidi aikanyage kwa mguu.

Ijumaa asubuhi aliketi akafanya kazi kama anavyoifanya kwa mteja yeyote. Hakuvuta kitu. Hakubuni nukta hata moja. Alizichukua zile chache alizonazo, akaziagiza mia tatu kwa kila inchi, akazichapa kwenye karatasi bora ya kiwanda. Mama akatoka na upana usiofika inchi moja, urefu inchi moja na nusu pungufu kidogo. Picha ya kitambulisho. Lakini alikuwa yeye. Alichukua kioo cha kukuzia, akainama: kigoda, mkono uliochelewa, pengo lenyewe, jeusi na safi. Akaikata kwa wembe, akaiweka kwenye kiganja, akaenda ofisini kabla miguu haijabadili mawazo.

"Nimemaliza," alisema, akaiweka mezani juu ya karatasi za kaka.

Kaka aliinama kuitazama. Hakuigusa.

"Hii ndiyo iliyopo," Mia Tatu aliendelea, na maneno yalimtoka kwa fujo, "hakuna nyingine, niliiskani vibaya ile wiki ya msiba, nilisahau namba, kaka, mimi nilisahau namba, na ilipoharibika ile ya kwako nikaogopa kusema. Miaka tisa nakudanganya. Haiwezi kuingia kwenye fremu. Haijawahi kuweza."

Kaka alivuta droo ya chini kabisa, ile anayoifunga kwa ufunguo. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mezani. Ilikuwa na miraba ya rangi, kahawia, nyeusi, kijivu. Ukirudi nyuma hatua kumi ungeona mtu anacheka. Ukiwa karibu ulikuwa unaona vigae.

"Miaka sita iliyopita uliumwa siku tatu," alisema kwa sauti ya chini. "Nikaichukua faili kwenye mashine yako, nikampelekea rafiki yangu mchapaji. Nilitaka urudi umkute mama ukutani, ufurahi. Akanipigia simu akaniuliza, huyu dada yako si ndiye mnamwita Mia Tatu?"

Nje mtambo ulikuwa ukigonga.

"Ulijua," Mia Tatu alisema.

"Nilisubiri uniambie. Hukuniambia. Halafu ukaja na habari za kuondoka, ile ya mara ya pili..."

"Ukaniambia nimmalizie mama. Unajua hakuna cha kumalizia, ukaniambia nimmalizie."

"Ningekuambia najua, ungekwenda."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapiga kelele. Miaka sita! Alikuwa amekaa nyuma ya matofali yale akijihesabu mwizi, huku mtu mwenyewe anajua, anakunywa chai, anamwambia funga mlango. "Umenifungia, kaka," alisema. "Umenifungia kwa mama yangu mwenyewe."

"Ndiyo," kaka alisema. Kisha akainua macho, mekundu. "Na wewe miaka tisa umeniangalia nikimsubiri. Picha niliiweka mimi chini ya lile bomba. Wewe ndiye uliyekuwa tumaini langu, nikakuta hakuna. Kiwanda hiki bila wewe ni mashine tu. Niliogopa. Sina maneno mengine."

Mia Tatu alirudi chumba cha nyuma akamaliza kadi za mteja wa mwisho, kwa sababu zilikuwa zimeahidiwa Ijumaa.

Jumamosi alikuja kuchukua vitu vyake. Havikujaza hata mfuko: kikombe, sweta, kioo cha kukuzia. Hakulala vizuri, bado alikuwa amekasirika, na alipanga apite mapokezi bila kugeuza shingo.

Lakini palikuwa na mtu mbele ya fremu. Mwalimu mkuu, mwavuli wake unachuruzika maji, pua yake nusura iguse kioo. Katikati ya ile kadi kubwa nyeupe, mama alikuwa amebandikwa, mdogo kuliko kiberiti, na amekwenda upande kidogo wa kushoto. Kaka aliibandika mwenyewe, hilo lilijulikana wazi. Tangu zamani hajui kubandika kitu kikanyooka.

"Huyu mama anacheka nini hivi?" mwalimu mkuu aliuliza, naye ameshaanza kucheka.

"Mpiga picha alijikwaa kwenye beseni," wifi alisema.

"Na hilo pengo! Ukikaa kule mlangoni humwoni kabisa, mpaka umfuate." Akarudi nyuma, akasogea tena, akajaribu.

Mia Tatu alinyoosha mkono aishushe ile fremu, afungue kioo, ambandue mama ambandike sawa. Kazi ya dakika kumi. Kisha ingekuwa kadi, imeingia doa. Kisha gundi, ingetaka kukauka. Alijijua. Akaurudisha mkono mfukoni.

Wifi alitoka nyuma ya meza yake akamkumbatia. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kidogo, na viatu vya kaka vilionekana chini ya meza, vimetulia. Hakutoka. Yeye naye hakuingia. Alivuka mapokezi, akafungua mlango wa mbele, na mvua ilikuwa inapiga barabara yote hata watu hawaonekani.

"Funga mlango," sauti ikatoka ofisini, na ikakwama, ikajaribu tena. "Funga mlango, mdogo wangu. Vumbi."

Akatoka, akaufunga.